Marehemu Hapewi Kibali

Visiga, Kibaha
16 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Uliniambia nisikupigie simu, na sikupigii. Ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea Ashrafu, yule wa pikipiki anayechukua maziwa huko kwenu na kuja kuyauza Maili Moja. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asubiri kama una jibu.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Nimepata daraja la kwanza. Sisubiri pongezi, nakuambia tu ujue barua hii inatoka wapi. Nimeomba chuo nikasomee upimaji wa ardhi. Ada sina, na mama mdogo Martina hana. Tunapika chakula cha mchana huku Zegereni kwa watu wa viwandani. Yeye anapakua, mimi nasonga ugali na kuosha sahani, na tunachopata kinaishia kwenye mkaa na kodi ya nyumba. Kwa hiyo njia yangu ni moja, mkopo wa serikali.

Fomu ya mkopo inamtaka mzazi. Mama cheti chake cha kifo ninacho. Umebaki wewe. Inataka jina lako, kazi yako, namba ya kitambulisho chako na saini yako kama mdhamini. Kisha mtendaji wa kijiji anagonga muhuri, na wakili naye anagonga wake. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Agosti, na bila mzazi fomu haiendi popote.

Sikuombi hela, baba, na sikuombi ng'ombe. Deni ni langu, nitalilipa mimi nikianza kazi. Nakuomba uandike jina lako pale nilipochora duara, basi.

Mambo ya baraza la mwaka juzi sitaki kuyafungua kwenye karatasi. Wewe ulisema ya kwako siku ile, mimi nikabeba begi langu nikaondoka. Lakini saini si msamaha. Mtu anaweza kusaini huku amenuna.

Wasalimie wadogo zangu na mama yao.

Binti yako,
Rahabu


Kijiji cha Mtunguru, Kisarawe
24 Julai 2024

Rahabu,

Barua nimeipata. Salamu yako sikuitikia, usije ukasema sikukuambia.

Fomu yako nakurudishia ilivyokuja. Duara lako limebaki tupu.

Wewe hutaki kufungua mambo ya baraza, mimi nayafungua. Ng'ombe wangu walikamatwa wakafungiwa mbele ya ofisi ya kijiji kama wezi. Nikasimama nikasema si wangu. Mwenyekiti hakuwa na ushahidi. Salumu mwenye shamba hakuwa na ushahidi. Mke wake Mwanahalima alikuwa analia mihogo yangu, mihogo yangu, lakini mihogo haisemi imeliwa na nani. Jambo lilikuwa linakwisha. Ndipo wakakuuliza wewe, mtoto wa shule uliyekuja likizo kula ugali wangu, nawe ukasema ndiyo, ni wetu. Mbele ya kijiji kizima ukanivua nguo. Nikalipa mihogo ya watu, na ng'ombe aliyeuzwa kuilipa unamjua kwa jina.

Mimi nilitoka Bariadi na mifugo kwa miguu. Nimefukuzwa bonde hili na lile, nimeitwa mvamizi kila nilipokanyaga, na hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno. Nimeshindwa na mwanangu wa kumzaa.

Sasa unataka kusomea kupima ardhi. Nimecheka peke yangu porini, ng'ombe wakanishangaa. Utapima nini? Uje na kamba yako uwaonyeshe wenzako wa mihogo kwamba mifugo ya baba yako mwisho wake ni hapa? Halafu mdhamini wa hiyo kamba niwe mimi.

Na neno mdhamini nalijua. Mdhamini ni yule anayekamatwa mwenzake akikimbia. Tena kwenye kazi ya baba umenijazia mfugaji mdogo. Mdogo kwa nani? Nani huko Visiga amekuja kuhesabu zizi langu akaliona dogo?

Nenda kwa wenye mihogo wakusainie. Hao ndio uliowachagua. Hapa kijijini kila anayeniuliza habari zako namjibu hivyo hivyo. Na kama fomu inamtaka baba kwa lazima, andika amekufa. Siku ile ulishanizika, ilibaki karatasi tu.

Mimi
Shigela Maduhu


Visiga, Kibaha
29 Julai 2024

Baba,

Shikamoo siandiki. Umesema huitiki, ya nini niipoteze.

Barua yako nimeisomea nyuma ya jiko. Mama mdogo akaniona macho mekundu akadhani moshi. Haukuwa moshi, ilikuwa hasira, na mpaka sasa ninavyoandika kalamu inataka kunivunjikia.

Nikuambie kitu kuhusu hii fomu. Ina mahali pa kila mtu. Mwenye baba anamwandika baba. Yatima anaambatisha cheti cha kifo. Aliyelelewa na mlezi anamwandika mlezi. Nimeipekua juu chini kutafuta sehemu ya mtoto ambaye baba yake yupo, mzima wa afya, ana ng'ombe wa kujaza bonde, na hataki. Haipo. Mtu wa namna yako hawakumfikiria.

Jana amepita hapa Firdausi, niliyesoma naye. Baba yake alikufa, mama yake alikufa. Fomu yake ameijaza kwa jioni moja, vyeti viwili, muhuri, kwisha. Nikamwonea wivu. Baba, unajua ilivyo aibu kumwonea wivu yatima? Nilishindwa hata kumtazama. Wewe ndiye uliyenifikisha hapo.

Mfugaji mdogo niliandika kwa sababu nikiandika mkubwa watasema huyu baba yake anaweza, na watakuwa sahihi. Unaweza. Ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Angekuwa baba hana, ningelia naye tukanyamaza. Kwenye karatasi mimi ni mtoto wa tajiri, na huku nasugua masufuria ya watu mpaka kucha zimeisha.

Nimemwandikia mtendaji mpya wa kijiji, Bwana Anselmi, anithibitishie kwa barua hali ya wazazi wangu. Yeye ni mgeni, ametoka Rukwa juzi juzi, hatujui. Sikumwambia kwamba umekataa, nimeona haya. Ataulizia mwenyewe huko, na wewe umwambie kwa kinywa chako kwamba una mtoto na humtaki. Nataka hilo liandikwe na ligongwe muhuri. Usije ukasema sikukuambia.

Rahabu


OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
Mtunguru, Kisarawe
7 Agosti 2024

Ndugu Rahabu Shigela Maduhu,
Visiga, Kibaha.

YAH: UTHIBITISHO WA HALI YA WAZAZI WAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kufuatia ombi lako, ofisi yangu imefanya ufuatiliaji kwa wazee wa kijiji na kujiridhisha kuwa mama yako mzazi, Selina, alikwisha kufariki dunia, na kwamba baba yako mzazi, Shigela Maduhu, naye ni marehemu. Hivyo huna mzazi aliye hai.

Kwa barua hii ofisi inaomba upatiwe msaada wowote unaostahili kama yatima.

Ofisi inakupa pole.

Anselmi
Mtendaji wa Kijiji


Visiga, Kibaha
11 Agosti 2024

Baba,

Kumbe hukuwa unatania.

Barua ya mtendaji nimeipokea jana, na muhuri wake wa bluu umekaa sawasawa. Marehemu Shigela Maduhu. Ofisi inanipa pole. Nimeisoma nikakaa chini sakafuni, mama mdogo akanipepea na kifuniko cha ndoo.

Nilitegemea umwambie Bwana Anselmi kwamba umekataa. Nilijiandaa kwa hilo. Sikujiandaa kwamba utawapanga wazee wa kijiji waseme umekufa. Ulikaa nao wapi? Mlikunywa nini mkikubaliana? Umeona bora ufe kuliko kuandika jina lako kwenye duara.

Mama mdogo anashangilia. Anasema Mungu amefungua mlango, nisiulize umefunguliwa na nani. Kuna mtu anamjua, anasema, anayeweza kunipatia cheti cha kifo kwa barua kama hii. Nitaambatisha vyeti viwili kama Firdausi na mkopo utatoka wote. Ananiambia baba yako mwenyewe ametaka, mpe anachotaka. Na ni kweli umetaka.

Mwisho wa mwezi ndio huo unakuja. Barua ninayo chini ya godoro. Nijibu, baba, kama wafu wanajibu.

Rahabu


Kijiji cha Mtunguru, Kisarawe
11 Agosti 2024

Rahabu,

Umenizika. Nilisema kwa hasira ukaenda kufanya kweli.

Juzi nilikwenda ofisi ya kijiji kuomba kibali cha kupeleka madume mawili mnadani Pugu. Nikamkuta huyo kijana wenu Anselmi, mwenye mashati ya kupiga pasi. Kwa kuwa mimi nakaa huko bondeni na ofisini sina mazoea, hanijui simjui. Akaniuliza jina. Nikamwambia Shigela Maduhu. Akaacha kuandika. Akasema mzee, Shigela Maduhu ni marehemu.

Nikamwambia huyo marehemu ndiye mimi.

Akasema nisifanyie mzaha ofisi ya serikali. Akaniuliza marehemu nilikuwa na undugu naye gani. Kitambulisho nilikuwa nimekiacha kaya. Akaniambia kwa upole, kwa upole Rahabu, kwamba marehemu hapewi kibali, na kama mimi ni mrithi nilete muhtasari wa kikao cha ukoo. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaangua kicheko. Nikamuuliza nani amesema nimekufa. Akasema kuna barua imetoka, imeandikwa kwa ombi la binti wa marehemu.

Kwa ombi lako.

Nimerudi na madume yangu kilomita zote zile. Mama wa wadogo zako haniangalii usoni toka siku hiyo. Kwetu mtu kuitwa maiti angali anakula si jambo la kucheka, ni kumwita mauti kwa jina lake. Unajua hivyo, nimekulea ukijua hivyo. Hukutosheka na kunitia aibu hai, umetaka kunitia kaburini upate vihela vya shule.

Basi nisikie. Radhi yangu huna. Soma, pima ardhi, panda ndege ukitaka, lakini radhi yangu huna.

Shigela Maduhu, mzima


Kijiji cha Mtunguru, Kisarawe
17 Agosti 2024

Kwa mtani wangu Rahabu, binti wa wala michembe ya viazi vikavu,

Mimi ndiye niliyemuua baba yako.

Usishtuke, keti. Naandika mimi Salumu, mume wa Mwanahalima, wale wenye mihogo. Ashrafu amenisimulia kwamba barua zenu mbili zimepishana kwenye pikipiki yake siku moja, na kwamba kila mmoja aliipokea ya mwenzake akatukana mbele yake kama vile yeye ndiye kaiandika. Nikaona nisipofungua mdomo nitabeba dhambi ya watu wawili.

Mimi Mzaramo, ninyi Wasukuma. Utani wetu wameuacha mababu, tumeukuta. Nikikutana na Shigela njiani namwambia ananuka samadi, yeye ananiambia nimezeekea kwenye ngoma, tunapita. Hata baada ya kesi ya mihogo hatukuacha. Baraza ni baraza na utani ni utani.

Sasa siku hiyo nipo barazani kwangu namenya mihogo, akaja huyu mtoto Anselmi na daftari lake. Shikamoo mzee, marahaba. Mzee, unamfahamu Shigela Maduhu, yupo? Mimi nikajibu kama ninavyojibu siku zote. Nikasema Shigela? Alishakufa huyo. Tumemzika na mkia wa ng'ombe mkononi maana alikataa kuuachia, na mbuzi wangu wa mazishi mpaka leo hawajanipa.

Mtu yeyote wa hapa angecheka. Huyu akavua kofia. Akanipa pole. Mimi nikaipokea, maana pole ya bure nani anaikataa? Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani naye anaendeleza utani, kumbe anaandika. Kwao Rukwa sijui wanatania na nani.

Nilipopata habari kwamba marehemu amenyimwa kibali, nilikwenda kwake. Nikakaa kwenye vumbi mlangoni pa zizi nikaanza kulia kilio cha matanga na kudai mbuzi wangu, kama mtani anavyodai msibani. Baba yako akatoka na fimbo, mbio. Nikamwambia mtani, ni mimi niliyekuua, Anselmi aliniuliza nikamwambia umekufa. Basi akasimama pale na fimbo yake juu. Mtani hakasirikiwi, Rahabu. Akinipiga kwa utani, yeye ndiye mwenye makosa, na anajua. Wiki nzima amekukasirikia wewe, kumbe aliyemkosea ni mtu asiyeruhusiwa kumkasirikia. Nilimwona hasira inazunguka mwilini inatafuta mlango. Fimbo ikateremka taratibu.

Nyuma yangu alikuwa amekuja Mwanahalima. Yeye hana utani, yeye ana hasira yake ya siku nyingi. Akamwambia hivi: "Shigela, ulitangaza kijiji kizima kwamba mtoto akasainiwe na wenye mihogo. Mwenye mihogo ni mimi. Lete hiyo fomu. Kama baba yake ni maiti, mimi nina kitambulisho na nina mkono."  Baba yako akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana tatizo lolote.

Na mimi niseme la kwangu, kwa kuwa leo sitanii. Mnaniudhi nyote wawili. Mihogo yetu ililipwa, tukapanda mingine, imeota, tumeila. Sisi tulioliwa shamba tumesahau. Ninyi mliokula ndio mnaoendelea na kesi.

Mtani wako,
Salumu


Visiga, Kibaha
19 Agosti 2024

Baba,

Mzee Salumu ameniandikia. Kwa hiyo mimi sikukuua na wewe hukujiua. Yale niliyoandika juu ya wazee na kukubaliana, nayafuta. Mengine siyafuti.

Barua ya Bwana Anselmi nimemrudishia leo kwa mkono wa Ashrafu. Nimemwandikia kwamba baba yangu yupo hai, ana miaka hamsini na minne, na anisamehe kwa kutomweleza mapema. Mama mdogo hasemi na mimi tangu asubuhi. Ameniambia neno moja tu, kwamba mimi ni mjinga, akaenda sokoni. Labda ni kweli. Ningekuwa yatima kwa muhuri wa serikali. Ilikuwepo chini ya godoro langu, nalala juu yake, nageuka nayo. Sikuweza.

Ujue ni kwa nini sikuweza, maana si kwa upendo. Leo sina upendo wa kukugawia. Ni kama siku ile ya baraza. Wewe unasema niliulizwa nikasema ndiyo. Hukumalizia. Waliponiuliza nilinyamaza, baba. Nilitazama chini. Nilikuwa nimeamua nisiseme. Ni Nyota aliyetoka kwenye kundi, akapita katikati ya watu, akaja kulamba gauni langu la shule kama alivyozoea nikimpa chumvi. Watu wote wakanigeukia. Ningesema nini tena? Niseme ng'ombe huyu simjui, huku mate yake yananilowanisha? Ndipo nikasema ndiyo, ni wetu. Na ukamuuza yeye. Katika zizi lote ukamchagua yeye.

Sasa nakosa chuo kwa sababu siwezi kusema ng'ombe wetu si wetu, wala kwamba baba aliye hai amekufa. Tabia hii sijui nimeitoa kwa nani. Kwako sikuitoa.

Umeninyima radhi kwa kosa ambalo sikulifanya. Hilo nimelipokea na nimelihifadhi.

Nakutumia fomu kwa mara ya mwisho. Duara sikuchora. Unapajua.

Rahabu


Kijiji cha Mtunguru, Kisarawe
25 Agosti 2024

Rahabu,

Fomu hii hapa. Imesainiwa.

Sikusaini kwa ajili yako, tuelewane. Nimesaini kwa sababu maiti hasaini. Nilikwenda ofisini na kitambulisho, nikakiweka mezani kwa Anselmi, nikamwambia tazama picha, nitazame mimi. Akatazama mara mbili. Akaanza kuomba radhi, nikamkatiza. Nikamwambia kaa uangalie marehemu anavyoandika. Nikaandika jina langu lote, nikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikamwamuru akuandikie barua nyingine iseme baba yupo hai, na neno hai alikoleze wino. Ameandika. Kibali cha madume nacho nimepewa.

Pale pa mfugaji mdogo nimekata neno mdogo. Kama kwa hilo watakunyima mkopo, wakunyime. Mimi si mdogo.

Mwanahalima hajasaini chochote. Alikuja na kalamu yake ofisini, akakaa kwenye benchi ananitazama hadi nilipomaliza, akaondoka bila kuaga. Mwanamke yule ana roho ngumu. Salumu mbuzi wake kapata. Nilimpa aliyekonda kuliko wote, akasema hata kaburini mimi ni bahili.

La Nyota. Nilikuona siku ile ulivyotazama chini. Nilijua huwezi kusema, nikafurahi. Halafu nikamwona ng'ombe anatoka kwenye kundi, nikajua nimekwisha kabla hujafungua mdomo. Mimi mtu mzima nilisema uongo mbele ya watu na ng'ombe wangu akanisuta. Ng'ombe huwezi kumgombeza. Uliyekuwepo wa kugombezwa ulikuwa wewe. Nilimuuza yeye kwa sababu kila asubuhi alikuwa ananitazama.

Hasira haijaisha na sitakudanganya kwamba imeisha. Unajibu watu wazima vibaya. Kwenye barua yako umesema tabia yako hukuitoa kwangu. Hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote, na nikikuona nitakujibu.

Radhi nilikunyima tarehe 11, nikiwa marehemu kwa barua ya serikali. Neno la maiti halina nguvu, na maiti hana radhi ya kumnyima mtu. Kwa hiyo ile haihesabiki.

Na ile shikamoo yako ya Julai: marahaba.

Shigela Maduhu


Visiga, Kibaha
19 Oktoba 2024

Baba,

Mkopo umetoka. Si wote. Ada wamenipa sehemu kubwa, ya kula wamepunguza. Sijui kama ni lile neno ulilokata, wala sitajua, lakini kila nikiosha sahani nalikumbuka. Mama mdogo analikumbuka zaidi yangu. Nimepatana naye, nitakuwa narudi Jumamosi na Jumapili kumsaidia Zegereni, kinachopatikana nitakula nacho. Chuo naanza mwezi ujao.

Bado nina hasira na wewe. Nataka ulisome hilo kwa mkono wangu usije ukasikia kwa Ashrafu kwamba nimeshasahau. Ulinitoa jasho miezi yote hii kwa kitu ambacho ulikifanya kwa dakika moja ulipoguswa wewe. Nilipoguswa mimi kalamu ilikuwa haipatikani.

Desemba nitakuja. Njia yangu itapita pembeni ya shamba la Mzee Salumu na zizi lako. Sitapima chochote, usiogope, nitapita tu. Lile jibu langu ulilosema utanipa nikija, liandae vizuri, maana na mimi la kwangu ninalo.

Siku nilipopeleka fomu kwa wakili Maili Moja aliinua karatasi juu akaitazama mwanga unavyopenya kwenye tundu. Akaniuliza hapa pametobolewa na nini. Nikamwambia ni saini ya baba. Akaniuliza, baba yupo? Nikamwambia yupo, na ni mkali. Akacheka akagonga muhuri. Mimi sikucheka.

Shikamoo. Hii usikae nayo mwezi mzima.

Rahabu Shigela